Mji Uliofutwa kwa Wembe

Hadithi hii si ya zamani, na wala si ya kwetu. Atakayehisi ameitambua nchi yenyewe, basi ametambua vibaya. Jina la nchi hiyo sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu mwaka ninaousimulia lilibadilishwa mara tatu, na mara ya tatu lilikuwa refu hata wimbo wa taifa ukashindwa kulimeza.

Mwaka huo watu wa nchi hiyo walikuwa wakiuana. Mashariki waliuana kwa bunduki, magharibi kwa mapanga, na Jiji Kuu waliuana kwa matamko. Lakini neno vita lilikuwa limepigwa marufuku tangu Januari, kwa tangazo la ukurasa mmoja, na wananchi wakaelekezwa kusema "Hali". Mtu akipoteza mtoto, mtoto amechukuliwa na Hali. Daraja likianguka, limeangushwa na Hali. Watu wawili wakikutana njiani na mmoja akauliza, "Hali?", mwenzake alitazama nyuma kwanza ndipo akajibu, "Njema." Waasi nao hawakuitwa waasi. Waliitwa Ndugu Waliokasirika, na kila asubuhi saa mbili kamili redio ilitangaza ni wangapi kati yao waliotulizwa jana.

Mtawala aliitwa Baba Mlezi. Hilo lilikuwa jina la kufupishia. Jina kamili, pamoja na vyeo, lilimlazimu mtangazaji kunywa maji katikati.

Katika Jiji hilo, ghorofa ya tatu ya Idara ya Upimaji na Ramani, alifanya kazi mtu mmoja aliyeitwa Sudi Makwega. Alikuwa mchora ramani mkuu, mwembamba, mwenye madoa ya wino kwenye mikono ya shati ambayo mkewe, Raziki, alikuwa ameshakata tamaa kuyafua. Alikuwa amechora nchi ile kwa miaka ishirini na sita. Siasa hakuziweza. Alichopenda ni mito. Akichora mto alikuwa hasikii akiitwa, na mkono wake ulikwenda taratibu kama unaopapasa usingizi wa mtoto mchanga.

Mama yake, Bi Siwatu, alikaa Mtondolo, mji mdogo wa mashariki wenye soko la Jumanne, kinu cha kukamua ufuta, na stesheni ambayo treni iliacha kupita zamani lakini mkuu wa stesheni aliendelea kwenda kazini. Sudi alizaliwa huko. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alimpigia mama simu, na mama alimweleza nani kaoa, nani kafa na mbuzi gani kazaa, kwa mpangilio huohuo.

*

Mwanzoni Idara ilijitahidi kwenda sambamba na Hali. Mji ukitekwa, Sudi aliagizwa aupake rangi ya njano hafifu, na pembeni mwa ramani iliandikwa kwamba njano ni "maeneo yaliyopumzika". Lakini kufikia Machi nchi ilikuwa njano kama macho ya mgonjwa wa ini. Balozi mmoja wa nchi ya mbali, alipoitazama ramani ukutani Ikulu, aliuliza kwa nia njema kabisa kama hayo yote ni mahindi.

Siku ya pili yake Mkurugenzi Pazi Mandago alimwita Sudi ofisini.

"Kaa, Bwana Makwega. Mtondolo unaujua?"

"Naujua, mkuu. Ndiko kwetu."

"Jana saa kumi jioni Ndugu Waliokasirika wameingia."

Sudi alishika ukingo wa kiti. "Mama yangu yuko kule."

"Oo. Pole sana," alisema Mkurugenzi, na alimaanisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Sasa, Baba Mlezi ametamka mbele ya mabalozi kwamba hatapoteza mji mwingine hata mmoja mwaka huu. Kwa hiyo Mtondolo haukupotea."

"Lakini umesema wameingia."

"Wameingia, ndiyo. Wameingia mahali. Ila mji usiokuwepo haupotei, Bwana Makwega. Ni suala la kitaalamu tu. Ndiyo maana limeletwa kwako."

Sudi alimwangalia kuona kama anatania. Mkurugenzi alikuwa ameshafungua kofia ya kalamu.

"Mkuu, kule kuna watu elfu kumi na mbili."

"Hao watapangiwa."

Nisije nikamfanya Sudi mwoga kuliko alivyokuwa. Aliwaza kukataa. Lakini aliyekikalia kiti chake kabla yake alikuwa ameagizwa kuhamisha mlima, akakataa, na badala ya mlima akahamishwa yeye, na mkewe hadi leo hajaambiwa wapi. Basi Sudi alirudi kwenye meza yake, akatoa wembe, akaanza kukwangua. Wino wa ramani kuu ni mkaidi. Hautoki kwa kufutwa, unatoka kwa kukwanguliwa, kidogokidogo, na karatasi inatoa sauti. Alianza na kinu. Akaja stesheni. Soko aliliacha la mwisho, kisha nalo akalikwangua, akapuliza vumbi.

Mkurugenzi alikuja kukagua. "Vizuri. Hii barabara inakwenda wapi?"

"Ilikuwa inakwenda Mtondolo."

"Sasa haiwezi kwenda patupu. Ipinde."

Upande wa kulia kulikuwa na mlima, na kushoto kulikuwa na mto. Sudi akaipinda barabara ikaingia mtoni. Kisha, kama sheria inavyotaka, akatia sahihi chini: S. Makwega, Mchora Ramani Mkuu.

*

Serikali ile haikuwa ya kufanya mambo nusunusu. Mara mji ulipotoka kwenye ramani, kila wizara ilichukua hatua. Mbunge wa Mtondolo hakufukuzwa bungeni, maana ingekuwa kukiri alichaguliwa mahali. Aliruhusiwa kubaki, ila asikalie kiti. Timu ya mpira ya Mtondolo ilifutiwa mechi zake zote za ligi, na timu saba zilizofungwa nayo zikapewa pointi, zikasherehekea. Wizara ya Elimu ilikusanya vitabu vya jiografia. Watumishi wa serikali waliozaliwa Mtondolo, Sudi akiwamo, waliletewa barua ya kuwatoa hofu: katika majalada na vitambulisho vyao mahali pa kuzaliwa pangesomeka "Kazini".

Simu nazo zilikatwa, kwa hoja kwamba ni ubadhirifu kupeleka waya mahali ambapo hakuna mtu wa kupokea. Jumapili ile Sudi alipiga mara tisa. Mara ya kumi sauti ya mwanamke ilimwambia kwa upole kwamba namba hiyo haijawahi kuwepo.

Jumatatu alikwenda Ofisi ya Vibali vya Safari kuomba ruhusa ya kwenda kumchukua mama yake. Afisa wa dirishani alikuwa kijana mstaarabu, mwenye miwani.

"Unakwenda wapi, mzee wangu?"

"Mtondolo."

Afisa alifungua daftari la miji, akapitisha kidole herufi ya M kutoka juu hadi chini, kisha akainuka kutazama ramani iliyokuwa ukutani nyuma yake. Aliitazama kwa haki kabisa. Hata alipangusa vumbi sehemu ya mashariki.

"Mzee, hapa hapana kitu."

"Najua hapana kitu hapo. Lakini kwenyewe kupo."

"Nani kakwambia?"

"Nimezaliwa kule."

"Kitambulisho chako kinasema umezaliwa Kazini." Afisa, ambaye macho yake hayakufika kwenye jina, alishusha sauti, kama mtu anayemsaidia ndugu. "Mzee wangu, hii ramani si ya kuokoteza. Imechorwa na Makwega. Huyo bwana yuko makini sana, wanasema hakosei hata kijito. Angekuwa kauona huo mji, angeuweka."

Watu wa foleni walianza kuguna. Sudi alikusanya karatasi zake. Alipofika nje alisimama kwenye ngazi muda mrefu, hajui ashuke au arudi, mpaka askari alipomwambia asizibe njia.

*

Bi Siwatu hakusubiri kibali. Mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, alifika mwenyewe ukingoni mwa Jiji baada ya siku kumi na saba za kutembea, pamoja na watu kama mia nne na mbuzi mmoja. Walisimamishwa kwenye kizuizi na kuulizwa wanatoka wapi. Walijibu kwa sauti moja, na kwa kujibu hivyo wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa Kituo cha Wasafiri Wasio na Chanzo.

Kituo chenyewe kilikuwa viwanja vya maonyesho ya kilimo, ambayo mwaka huo hayakufanyika. Kila familia ilipewa banda. Sudi alipofika, baada ya kutafuta siku tatu, alimkuta mama yake amekaa kwenye nyasi chini ya kibao kilichoandikwa "Ng'ombe Bora wa Maziwa". Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Alikuwa amekonda, lakini kanga yake aliifunga vilevile kama mtu anayetarajia wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Sudi akaanza kulia. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akamtambulisha kwa jirani yake wa banda la pili, Bi Mashavu, ambaye nyumba zao Mtondolo zilitazamana miaka arobaini, na sasa mabanda yao yalitazamana pia.

"Wanasema hatutoki popote," alisema Bi Siwatu. "Siku kumi na saba nimetembea kutoka mahali pasipokuwepo, na miguu ikavimba ya kweli. Wewe umesoma, mwanangu. Inakuwaje hiyo?"

Kabla hajajibu, aliingia mkuu wa kituo, Inspekta Kasongwa, mtu mnene wa kucheka hovyo, amebeba fomu. Alieleza kwamba kutoka kituoni ni rahisi mno. Kila mtu ajaze mahali pa kuzaliwa, mdhamini atie sahihi, basi, aende zake.

"Ila sharti pawe kwenye orodha," alisema. "Mama, chagua tu. Kuna Kirungule hapa, mji mzuri, una maji."

"Mimi sinunui kitambaa, mwanangu, hata nichague," alisema Bi Siwatu. "Andika Mtondolo."

"Nikiandika huo, fomu inarudi."

"Irudi. Nimezika watu wanne Mtondolo: mume wangu, watoto wangu wawili, na dada yangu. Nikisema natoka kwingine, hao nitakuwa nimewatupa."

Inspekta alimgeukia Sudi, akafungua mikono, kama kumwambia: unaona mwenyewe. Sudi akatazama chini. Alikuwa na wino kwenye kucha.

*

Mwezi Juni Baba Mlezi alitembelea kituo. Mabanda yalipakwa chokaa kwa mbele. Alikuja na magari kumi na manane, na watu wanne wa kumshikia mwavuli, mmoja kwa kila upande ambao jua lingeweza kutokea. Sudi alipewa nafasi ya kusimama mstari wa nyuma, pamoja na wataalamu.

"Ndugu zangu msiotoka popote!" alianza Baba Mlezi, na spika zikalia. "Wako watu wanaotoka mahali pamoja tu. Maskini ya Mungu! Hao wamefungwa. Ninyi hamkufungwa na mahali. Ninyi ni wa nchi nzima! Adui zetu wanasema tumepoteza ardhi. Uongo! Nitazameni. Nimesimama juu ya nini? Si ardhi? Serikali yangu ina ardhi kila ninapokanyaga!"

Alipiga mguu chini mara mbili kuthibitisha. Watu walipiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema hapo ni makofi, na uji ungefuata baada ya makofi. Kisha kila familia ikapewa zawadi ya kalenda yenye picha ya Baba Mlezi juu na ramani ya taifa chini.

Jioni ile Bi Siwatu aliitandika kalenda kwenye magoti. Hakujua kusoma, lakini mto aliujua. Aliufuata kwa kidole kutoka mlimani.

"Hapa ndipo unapokata kona," alisema. "Basi sisi tulikuwa hapa. Hapa hapa. Sasa nani huyu kaweka barabara majini?"

Bi Mashavu, ambaye aliwahi kufundisha chekechea, aliinama kusoma maandishi madogo ya chini. Alisoma, akamtazama Sudi.

"Inasemaje?" aliuliza Bi Siwatu.

"Imechorwa na S. Makwega," alisema Sudi mwenyewe.

Mama hakupandisha sauti. Alikaa na kalenda magotini, mvua ikinyesha juu ya bati, watoto wakikimbizana mabandani. Kisha akaikunja mara mbili, taratibu.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unachora vizuri sana," alisema.

Sudi angependelea ampige.

*

Agosti kuhara kuliingia kituoni. Redio ilisema ni msisimko wa tumbo. Bi Mashavu alisisimka siku mbili, siku ya tatu asubuhi akafa, Bi Siwatu akiwa amemshika mkono.

Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kufa pia kuna fomu. Cheti cha kifo kilitaka mahali pa asili, ili marehemu atolewe kwenye idadi ya watu wa huko. Bi Mashavu hakuwa na huko. Inspekta Kasongwa, ambaye sasa hakuwa akicheka, aliandika barua kwenda wilayani, wilaya ikaandika mkoani, na mkoa ukajibu kwamba mtu ambaye hakuingizwa mahali popote hawezi kutolewa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu, alikuwa bado hai, na ni kosa la jinai kuzika mtu aliye hai.

Bi Mashavu alilala bandani siku ya kwanza, siku ya pili na ya tatu, amefunikwa kanga mbili. Bi Siwatu alikaa mlangoni akifukuza nzi kwa ile kalenda. Wanaume walijaribu kuchimba kaburi nyuma ya banda la kuku. Askari wakawanyang'anya majembe. Sudi alikwenda mkoani, akapanda ngazi zote, akarudi na karatasi iliyoandikwa "Suala linashughulikiwa".

Siku ya nne mchana lori lilikuja likamchukua. Hakuna aliyeambiwa linampeleka wapi. Bi Siwatu alilifuata hadi kwenye uzio, akasimama hapo mpaka vumbi likatua.

Aliporudi alimkuta mwanawe ameketi chini ya kibao cha ng'ombe.

"Andika unachotaka," alisema.

"Mama..."

"Andika, Sudi. Sitaki kulala siku nne."

Fomu ikajazwa: Kirungule. Sudi akatia sahihi kama mdhamini, akiapa kwamba anamfahamu mama huyu na anajua kwa hakika alikozaliwa. Inspekta alipiga mhuri, na kwa furaha ya dhati akampa mama mkono. "Karibu nchini," alimwambia.

*

Nyumbani kwa Sudi mambo hayakuishia hapo. Watu wa Kituo waliotoka kwa udhamini walikaguliwa kila Alhamisi alasiri, kwa miezi minne, kuhakikisha kweli wanatoka wanakotoka. Mkaguzi alikuwa Kasongwa mwenyewe, na baada ya ukaguzi alikunywa chai.

Basi Raziki akaanza kumfundisha mama mkwe wake. Sudi alileta kijitabu cha wilaya kutoka ofisini. Chote kilichojulikana na Idara kuhusu Kirungule kilikuwa ndani: wakazi elfu nane, zao kuu tumbaku, mto Lwizi, na mitaa mitatu, Sokoni, Misheni na Bomani.

"Haya, mama. Unatoka mtaa gani?"

"Mtaa wa kinu."

"Hapana, mama yangu. Misheni. Mto wenu?"

"Raziki, mwanangu, mimi mto wetu nimeoga humo tangu mchanga."

"Najua, mama. Lakini huyu bwana anakuja keshokutwa, na akikukuta hujui atakurudisha kule. Mto wenu?"

"Lwizi," alisema Bi Siwatu, na akalitamka kama mtu anayemeza kidonge.

Alhamisi ya kwanza alisahau zao kuu, na Raziki ilibidi ammwagie chai Inspekta kwa makusudi ili mazungumzo yakatike. Alhamisi ya pili alikosea mtaa. Ya tatu alijibu yote. Kufikia ya nane Kasongwa alikuwa anauliza mdomo umejaa maandazi, na Bi Siwatu anajibu kabla swali halijaisha: Kirungule, Misheni, tumbaku, Lwizi, nimezaliwa huko, nimeolewa huko. Inspekta akamsifu. Alisema angependa wananchi wote wawe na uhakika kama huo.

Sudi alifurahi, kwa kuwa mama yake alikuwa salama. Alifurahi hivyo mpaka Jumapili moja ya Novemba, walipokuwa wamekaa uani baada ya chakula. Hakukuwa na mkaguzi wala mgeni. Sudi akataka kumchekesha, akamkumbusha yule beberu wa marehemu baba, aliyeingia msikitini akatafuna mkeka.

Bi Siwatu alimtazama kwa mashaka, kama anayepimwa.

"Kirungule hatukufuga mbuzi," alisema. "Tulilima tumbaku."

Raziki aliacha kuosha vyombo. Sudi alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha, na pia si usahaulifu. Mama yake alikuwa anautazama mlango wa ua.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema Bi Siwatu. "Ndiyo maana."

*

Desemba Baba Mlezi aliondoka kwa ziara ya kikazi isiyokuwa na tarehe ya kurudi, na Ndugu Waliokasirika wakaingia Jiji Kuu. Walipokwisha kuingia walitangaza kwamba hawana hasira tena. Waliokasirika sasa ni wale wengine, walioondoka. Nchi ikapewa jina la tatu. Neno vita likaruhusiwa, kwa masharti kwamba litumike kwa wakati uliopita tu, na milio ya bunduki iliyoendelea kusikika kusini ikaitwa shangwe.

Idara ya Ramani haikuguswa. Mkurugenzi Pazi Mandago alifika kazini na fulana ya wakombozi chini ya koti lilelile.

"Bwana Makwega, habari njema! Mtondolo urudishwe. Sasa inatamkwa kwamba ndiko walikoanzia ushindi. Na uwe mkubwa, tafadhali. Mkubwa kuliko ulivyokuwa."

Sudi alikaa mezani akauchora upya. Aliweka soko na kinu. Aliweka stesheni. Aliitoa barabara majini. Hakuwa amechora kitu kwa moyo namna ile tangu ujana wake, na alikuwa anapulizia wino ukauke Mkurugenzi aliporudi na karatasi ya pili.

"Na hii miji mitatu hapa, ya kule kwa Baba Mlezi, itoe."

"Mkuu, ina watu."

"Watapangiwa," alisema Mkurugenzi.

Sudi alitazama nje ya dirisha. Chini barabarani wakombozi walikuwa wanampandisha mtu kwenye gari, na mtu huyo alikuwa anajaribu kueleza jambo. Sudi akafungua mtoto wa meza akatoa wembe.

*

Wiki ya mwisho ya mwaka ilitoka Amri ya Kila Mtu Kwao. Wote waliohamishwa na Hali, sasa ikiitwa vita vilivyokwisha, walitakiwa kurejeshwa walikozaliwa ndani ya siku tano, kwa malori ya serikali. Anayebaki Jijini bila kuzaliwa Jijini au Kazini angehesabiwa kuwa na hasira.

Sudi na Raziki walimpeleka mama uwanja wa mpira asubuhi na mapema. Raziki alimfungia maandazi, chumvi na kanga mpya. Malori yalikuwa yamepangwa kwa safu, kila moja na kibao cha mji. La Mtondolo lilikuwa la pili, na ndani yake walikuwa wameshapanda watu wa mabandani. Walimwona Bi Siwatu wakaanza kumpungia na kumwita kwa jina.

Kwenye meza, chini ya turubai, alikaa Inspekta Kasongwa. Alikuwa na kofia mpya.

"Aa, mama yangu!" alisema kwa shangwe. "Haya, kwa ajili ya kumbukumbu. Unatoka wapi?"

"Mama," Sudi alimnong'oneza, "sema kweli. Imekwisha. Sema Mtondolo."

Bi Siwatu alimtazama Kasongwa. Alitazama kofia, akatazama uso uliokuwa chini ya kofia. Akamtazama mwanawe, na Sudi akaona wazi kwamba mama yake hamwamini.

"Kirungule," alisema. "Mtaa wa Misheni. Zao letu tumbaku. Mto wetu Lwizi. Nimezaliwa huko, nimeolewa huko."

"Hapana, Inspekta!" Sudi aliegemea meza. "Unajua anatoka Mtondolo. Wewe mwenyewe ulimsikia!"

"Mimi nasikia mengi," alisema Kasongwa, bila ubaya, huku akifungua jalada. "Lakini hii hapa ni sahihi ya nani?"

Ilikuwa ya Sudi.

"Uliapa. Sasa kama uliapa uongo, hilo ni kosa, na sheria ya viapo wakombozi wameiacha kama ilivyokuwa. Halafu, Bwana Makwega, siku hizi kila mtu anataka kuwa wa Mtondolo. Jana peke yake wamekuja elfu mbili."

"Nitakwenda naye mimi mwenyewe, basi. Nami nimezaliwa huko."

Kasongwa alifungua jalada lingine. Neno "Kazini" hakuhitaji kulisoma kwa sauti. Aligonga mhuri, akaandika namba kwenye karatasi ndogo, akampa mama. Lori la saba.

Watu wa lori la pili waliendelea kuita, "Siwatu! Huku, Siwatu!" Yeye alitembea mbele yao ameinamisha kichwa, haraka kadiri miguu ilivyomruhusu, kama mtu anayepita mbele ya wadai. Sudi alimfuata akiwa amebeba mfuko. Alimwinua mama yake, akamkabidhi kwa mikono ya waliokuwa juu. Alikuwa mwepesi. Raziki alilia kwa sauti. Sudi alisimama ameshika ubao wa lori.

Karibu na Bi Siwatu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye kuku kwenye kapu. Alisogea kumpisha.

"Karibu, mwenzangu. Wewe wa wapi pale Kirungule?"

"Misheni," alisema Bi Siwatu.

"Misheni!" Yule mama alipiga makofi kwa furaha, akawageukia wenzake. "Jamani, huyu wa kwetu! Mimi nimezaliwa Misheni, nimezeekea Misheni, hakuna mlango nisioujua. Hebu nikutazame vizuri, dada. Wewe ni wa kina nani?"

Injini ikawaka. Bi Siwatu akageuka kumtafuta mwanawe kati ya watu waliosimama chini, kwa macho ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, maana hilo hawakuwa wamemfundisha.